Kishikwambi, Simu Janja na Mkono wa Tatu

Ofisi ya Meya wa Paso del Tala ina heshima kuutangazia umma kwamba mjadala uliowasumbua wanadamu kwa muda mrefu, yaani kati ya kishikwambi na simu janja kipi kinafaa zaidi kwa matumizi ya kila siku, umefikia tamati. Kishikwambi kimeshinda. Mimi, Milton Sosa, Katibu wa Tume ya Ulinganishi, nathibitisha kwamba mchakato ulikuwa huru, wa haki na wa wazi. Ili kuepuka makosa, tuliandika matokeo kwanza, ndipo tukafanya utafiti. Vishikwambi vyenyewe vilishanunuliwa na vimejaa ghalani.

Utafiti ndio uliotaka kutuharibia kazi.

Tulimkabidhi Nibia wa masijala vifaa vyote viwili. Tukamwomba, kwa kila kimoja, aende dukani, alipe, apige picha ya shimo la barabarani na kujibu ujumbe wa mama yake. Nibia ni mtu wa kwetu. Akitoka nyumbani, themosi iko kwapani na kibuyu cha yerba, yale majani yetu ya kumiminia maji moto na kufyonza kwa mrija, kiko mkono wa kushoto, kwa hiyo unabaki mkono mmoja. Kwa simu alimaliza yote huku akifyonza mrija. Kwa kishikwambi aliishia kona ya kwanza, amekibana kwa kidevu.

“Weka themosi chini,” alisema Mwenyekiti wetu, Alcides Pintos.

“Chini wapi? Kwenye vumbi?”

“Basi acha kibuyu.”

“Mzee, umelala vizuri kweli wewe?”

Tume ikajifungia, ikatoka na upembuzi yakinifu. Kasoro haikuwa ya kishikwambi. Kasoro ilikuwa ya raia, ambaye ana mikono miwili tu na mmoja ameshautoa kwa yerba. Kwa kuwa bajeti haikuruhusu kumwongezea raia mkono wa tatu, tulielekeza nguvu kwenye chanzo cha tatizo, yaani maji moto, maana bila hayo hakuna yerba na mkono unabaki huru.

Maji moto ya mji wetu yanatoka kwenye kibanda cha Doña Zulma Techera, pembeni mwa baraza ya ofisi ya Meya. Ana birika kubwa, na mvua ikinyesha hukaanga torta, maandazi bapa ya kwetu. Kibanda hicho ndicho kinachomsomesha binti yake Yanina, aliyeko mwaka wa mwisho wa uuguzi kule Montevideo. Tume ililizingatia hilo kwa huzuni inayostahili, kisha ikaandika amri ya kukifunga, Meya akaitia saini. Nilimpelekea mimi mwenyewe.

“Kwa hiyo mmenunua dude lisiloshikika,” alisema, “halafu mwenye kosa ni birika langu?”

“Si kosa, Doña Zulma. Ni changamoto ya kimfumo.”

“Na Yanina atalipiwa chuo na hiyo changamoto?”

“Una haki ya kukata rufaa. Ila rufaa zinajazwa kwenye kishikwambi.”

“Nipe basi hicho kishikwambi nijaze.”

“Vitagawiwa baada ya uzinduzi.”

“Milton, nimekujazia themosi tangu siku ulipoajiriwa, hata ukiwa huna kitu mfukoni. Leo ndiyo umekuja kunizimia moto.”

Niliona haya, lakini haya haina kifungu katika kanuni zetu. Yeye akafunga dirisha, akakaa ndani.

Asubuhi iliyofuata ofisi nzima ilisimama. Kituo cha mafuta chenye mashine ya maji moto kiko mbali, nje ya mji kabisa. Watumishi walikaa mbele ya vibuyu vikavu na kuwajibu wananchi kwa ufupi usio wa kawaida, hata foleni ikajaa barazani. Mwishowe alitoka Meya mwenyewe, Mheshimiwa Wáshington Bentancur, themosi kwapani, kibuyu mkononi, akagonga dirisha la kibanda.

“Zulma, nijazie hii.”

“Pamefungwa, Mheshimiwa. Amri ni yako.”

“Amri haikunilenga mimi.”

“Mkuki kwa nguruwe, siyo? Nimeisoma yote. Hujatajwa kwamba umesamehewa.”

“Nijazie, tutaongea.”

“Ifute kwanza.”

Nikamletea Meya haraka kishikwambi cha Tume, kwani kanuni zinataka amri ifutwe kwa kifaa rasmi. Akakitazama, akatazama kibuyu, akatazama themosi. Ametawala miaka mingi bila kukiweka chini hata kimoja kati ya hivyo viwili. Akaniambia nimwondolee takataka hiyo. Akachomoa simu janja mfukoni, akageukia ukuta, akaminya kwa dole gumba na kunong'ona ujumbe wa sauti kwa wajumbe wa Tume.

Angalau ndivyo alivyodhani. Dole gumba lilikuwa limegusa kundi la simuni la majirani wa mji mzima, lile la matangazo ya mbwa waliopotea na kuni za kuuza. Simu zikalia baraza nzima. Don Eladio, aliyekuwa mbele ya foleni na ambaye masikio yake si mazima, alifungulia sauti mpaka mwisho, na sote tukamsikia Meya:

“Alcides, futa ile amri ya kibanda sasa hivi, nakufa na kiu. Na vishikwambi viacheni ghalani, mtu asivifungue. Ukitoa kile cha Tume, vyote havina betri ndani, shemeji alivipata kwa bei ya bure. Tafuteni namna ya kuandika.”

Don Eladio akairudia, eti hakusikia vizuri mahali pa shemeji.

Dirisha likafunguka. “Amri imefutwa, wote ni mashahidi,” alisema Doña Zulma, akawasha birika. Meya akanyoosha themosi.

“Foleni, Mheshimiwa. Mkia wake ni kule getini.”

Akaenda getini. Kila aliyempita alikuwa na kibuyu mkono mmoja na simu mkono wa pili, na katika kila simu sauti yake ilikuwa ikiomba maji.

Tume imeketi tena, safari hii bila Mwenyekiti na bila Meya, ambao wanawasaidia wapelelezi huko Montevideo. Baada ya ulinganishi wa kina imebaini kwamba simu janja ina kasoro moja kubwa kwa matumizi ya kila siku ya viongozi: inafanya kazi.