Tumbo la Fagio

Jumatatu, 3 Machi

Tumbo la Fagio limebonyea. Nilidhani ni macho yangu. Nikavaa miwani. Limebonyea zaidi!

Fagio ni samaki wa marehemu mke wangu. Mweusi, ana madoadoa, vijisharubu puani, na mdomo uliokaa chini kama wa mtu anayebusu sakafu. Kazi yake ni kujibandika kwenye kioo cha tangi. Bibie ndiye aliyempa jina. Alisema nyumba hii ina wasafishaji wawili, na huyu angalau halalamiki mgongo.

Mimi nilisafisha madirisha ya maofisi kwa miaka thelathini na moja. Kioo kichafu hunikosesha raha. Lakini alipofariki, miezi mitano sikugusa kitu chake chochote. Kandambili zake bado ziko mlangoni. Mwezi uliopita nikapata nguvu, nikaanza na tangi. Lilikuwa la kijani kama zulia! Tangu hapo nasugua kila asubuhi, ndani na nje. Kioo kinang'aa hadi unadhani maji yamesimama yenyewe.

Binti yangu anakuja tarehe kumi na tano. Kasema kwenye simu bila kumung'unya maneno: akimkuta Fagio mzima, nibaki kwangu kwa amani. Asipomkuta, nifunge virago nikakae kwao. Eti mtu aliyeshindwa na samaki mmoja hawezi kuachiwa jiko la gesi.

Sitaki kuhama. Humu ndimo alimokuwa mama yake.

Nimesugua kioo mara ya pili, kumchangamsha mgonjwa. Nashukuru bado anapumua.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi saa wa mlango wa pili kaja kuazima bisibisi. Ana tangi lake, samaki wanne wanene, na majivuno ya watu sita. Kakitazama kioo changu. Kamtazama Fagio. Kaniuliza kama nina kawaida ya kualika mgeni halafu nikalamba sahani kabla hajaketi.

Sikuelewa. Kaondoka. Nikaelewa nikiwa naosha vikombe.

Ule ukoga wa kijani, ule mwani, ndio chakula chake! Nimekuwa nikimnyima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sponji, kila siku, huku nikimwimbia.

Nikaketi chini. Nikamwomba radhi. Akageukia ukuta.

Fundi saa alirudisha bisibisi jioni, akauliza kama nimepata jibu. Ningemwambia kweli ningekuwa kichekesho cha jengo zima. Nikasema kioo kitupu ni njia ya kitaalamu, tumeitumia miaka mingi kazini. Akasema haya, Bwana Vioo, yeye habishani na mtaalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nina mpango! Mwani unataka jua. Tangi halihamishiki, nilijaribu, kiuno kikalia kama mlango. Basi jua lihamie kwenye tangi. Nimebandua kioo cha kabati la bibie, nikakiegemeza dirishani, nikaupiga mwanga ndani ya maji. Mwanga wa ajabu! Ufundi mtupu.

Mchana nikasikia kelele uani. Kumbe mwanga unapita kwenye tangi, unatokea dirisha la nyuma, unamwingia fundi saa aliyekaa uani, kwenye ile lenzi anayovaa jichoni. Kadondosha gurudumu dogo la saa ya mtu. Kalitafuta saa nzima kwa magoti. Alinijia akiwa amefumba jicho moja, akauliza kama natafuta mawasiliano na meli.

Nimeinamisha kioo kidogo. Nyuma yake nimekuta chanuo la zamani la bibie, limekwama kwenye msumari. Alilitafuta mwaka mzima akinishuku mimi. Nimefurahi kulipata. Ningependa tu kumwambia.

Jumanne, 11 Machi

Mwani umeota! Ila si kwenye kioo. Umeota ndani ya maji. Tangi zima limekuwa kama ndoo ya rangi ya kijani. Fagio haonekani kabisa. Nilitia mkono kumpapasa, nikashika pampu ya hewa, nikadhani amekuwa mgumu, nikapiga ukelele.

Nimebadilisha nusu ya maji, mchana nusu ya nusu iliyobaki. Saa kumi akajitokeza pembeni. Mzima! Tumbo ndani kama kijiko. Lakini mzima. Nashukuru, nashukuru.

Binti kapiga simu. Nimemwambia Fagio hajambo, anamsalimu.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili, wa heshima zaidi. Kioo cha fundi saa kina mwani mzuri, mnene. Nimebisha hodi na ndoo yangu ya kazi, nikasema nataka kumsafishia tangi bure, kama fidia ya lile gurudumu.

Macho yalimlengalenga. Alisema hajafanyiwa wema wa namna hii tangu ahamie hapa. Kanipikia chai. Nilikwangua kwa moyo wote. Uchafu nikautia kikombeni, kikombe nikakifunika kwa kofia, nikaaga haraka. Akaniuliza mbona naondoka kichwa wazi na kofia mkononi. Nikasema ni adabu tu.

Nyumbani nikamimina karamu yote. Ilisambaa kama moshi, ikaziba chujio, pampu ikakohoa ikanyamaza. Fagio akajificha nyuma ya jiwe. Nimeshinda nikizibua chujio kwa mswaki.

Huku nje fundi saa anawasimulia majirani wote ngazini jinsi nilivyo mtu mwema. Nimeyasikia yote nikiwa nyuma ya mlango. Nimejisikia mdogo kama ule uchafu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku moja imebaki! Fagio amelala chini, hajibandiki popote. Nimeshusha begi kutoka juu ya kabati. Nimeweka shati moja. Nikakaa nalitazama.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kaja kunisaidia kupanga nyumba. Kaona begi, kaona Fagio, kashika kiuno. Kasema shemeji yake ana kichwa kikubwa lakini ndani kumepangishwa mtu mwingine. Kisha akavuta droo, akauliza uko wapi ule uma wenye kutu.

Nikasema kwa fahari kwamba kutu niliitoa mwenyewe kwa sabuni na majivu. Ukang'aa kama mpya.

Akafumba macho. Akasema ule ulikuwa uma wa Fagio. Kila jioni dada yake alikata kipande cha tango, akakichoma na ule uma ili kizame, akakishusha mpaka chini. Ukoga peke yake hautoshi. Asubuhi alitoa mabaki.

Tango! Kila wiki, kwenye karatasi yake ya sokoni, mstari wa mwisho: tango moja. Humu ndani tango halikuwahi kufika mezani. Miaka yote niliamini analila mwenyewe kwa siri. Safari moja niliwahi hata kununa kwamba hanikaribishi.

Nilikimbia sokoni na kandambili. Za bibie! Ndogo, visigino vyangu nje. Nikarudi, nikakata, nikachoma, nikashusha. Tukasubiri, mimi na shemeji, pua kwenye maji. Fagio akasogea kidogo. Akalinusa. Akalikumbatia lote, masharubu na kila kitu.

Shemeji akajifuta machoni akasema ni kitunguu. Hatukuwa na kitunguu.

Nikampelekea fundi saa nusu ya tango, maana wanne wake nimewaachia kioo kitupu. Nikakiri yote. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alijua siku ile ile. Nani husafisha kwa watu akaenda na taka kwake chini ya kofia? Na samaki wake hula matango kila jioni. Marehemu ndiye aliyemfundisha. Nikamuuliza, sasa mbona hukuniambia? Akasema si mimi nilimwambia kioo kitupu ni njia ya kitaalamu?

Jumamosi, 15 Machi

Binti kaja! Hata mkoba hakutua. Kaenda moja kwa moja kwenye tangi, kapiga magoti, kabandika pua kwenye kioo kama alivyokuwa akifanya ana miaka sita. Fagio juu ya tango lake. Tumbo si duara, lakini limejaa kiasi. Akauona uma. Kisha akasema baba, nakuona unaweza. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikapinda.

Begi amelirudisha juu ya kabati yeye mwenyewe. Sijui nimshukuru nani kwanza. Nimewashukuru wote, mmoja mmoja, hadi mwenye genge la matango.

Binti kaondoka saa tisa. Nyumba imetulia. Kwenye kioo imebaki alama ya pua yake. Pembeni yake, ndani, vile vitone vya kijani vimeanza kuota. Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Mwani uachwe.

Nimekitazama kioo nusu saa.

Nimefuta kona moja tu. Lakini kona ile ikaumbua zingine, ikabidi nisawazishe. Tango si lipo? Sasa kinang'aa chote, ndani na nje, isipokuwa ile pua. Hiyo nimeizunguka.

Jumatatu nimemwahidi fundi saa nitampitishia sponji na kwenye kioo chake.