Mbeta za Severina, Rafiki wa Mazingila

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimeshuka Iringa mjini. Dukani kwa Dawood nimeona kikombe cha mwanzi. Kikombe! Kipande cha mwanzi tu, kimebandikwa karatasi ya kijani: rafiki wa mazingira. Bei yake unapata jogoo mwenye sauti! Nimecheka mpaka Dawood kanipa kiti. Huku kwetu Kilolo tunakingia ulanzi, pombe inayotoka kwenye mianzi, kwa vipande hivyo hivyo, tunaita mbeta, na hakuna aliyewahi kusema ni rafiki wa mtu. Akili yangu ikawaka. Haijawahi kuzimika, lakini leo imewaka zaidi.

Jumanne, 4
Mke wangu Severina kaenda msibani. Nimeshusha mbeta zake zote kwenye mianzi. Nimezisuuza kidogo, maji yako mbali. Nimechora kwa msumari wa moto: RAFIKI WA MAZINGILA. Herufi zimenyooka kama askari.

Jumatano, 5
Dawood kazichukua zote! Kasema kuna kosa la herufi, ila tuliache, wateja wataamini kweli zimetoka kijijini. Kosa gani? Wivu wa msomi.
Jioni Severina karudi. Ulanzi unadondoka chini, sisimizi wanayumba. Nikamweleza habari za mazingira. Akasema sawa baba, basi nikale kwa huyo Mazingira rafiki yangu, chungu chake nisikisogelee mpaka mbeta zirudi.

Alhamisi, 6
Nimekula parachichi bichi. Mazingira hana hata ugali.

Jumapili, 9
Balaa! Mbeta kazinunua mama mchungaji, Eveline. Kalaza humo juisi ya nanasi ya watoto wa kipaimara. Mbeta haisahau kazi yake! Juisi imechacha. Watoto wameimba pambio moja mpaka mchungaji kakaa chini. Mzee wa kanisa Anania kaomba aongezewe.

Jumatatu, 10
Dawood kanirudishia mbeta, kabaki na redio yangu kufidia hasara. Kasema urafiki umekwisha, wa mazingira na wangu. Severina kazinusa. Kasema ulanzi wake sasa utanuka nanasi kama sabuni ya mjini. Lakini kanipakulia.

Jumanne, 11
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la mianzi. Ina tabia ya ulevi.
Leo nimetazama mizinga ya jirani Obeid juu ya mti. Magogo matupu, plastiki hakuna hata chembe! Kesho Obeid anakwenda mnadani. Ngazi nimeazima. Msumari uko motoni. Nyuki hawatanisumbua, sisi sote rafiki wa mazingila.