Kuhusu Vifo Vyangu Kumi na Vinne na Harusi ya Binti Yangu

Kwa Mheshimiwa Mwongozaji Kenechukwu Obidigbo,
Asaba.

YAH: OMBI LA KUSITISHA KISASI

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, familia yako na jenereta yako, ambayo mara ya mwisho niliiacha ikikohoa moshi. Ni mimi Sylvanus Okonji, mwalimu mstaafu wa hesabu na, kwa hisani yako, baba mwovu wa filamu zako. Katika miaka sita nimewadhulumu yatima kumi na mmoja, nimemzika mdogo wangu akiwa hai, na nimeuawa mara kumi na nne, zote kwa kulipiziwa kisasi. Sikuwahi kunung'unika. Hata ile mara niliyopigwa na radi mchana kweupe, baruti ikaniunguza nyusi, nilisema asante nikarudi nyumbani kwa miguu.

Leo nanung'unika, na nimeweka namba ili usipate shida kusoma.

1. Kwanza nikupongeze. Kisasi chako kinalipa vizuri mno. Mlipizaji hupotea miaka saba, hatuambiwi anakula wapi wala anafanya kazi gani, kisha anarudi amenenepa, ana gari jeusi, miwani myeusi na koti zito katika joto hili letu. Ananikuta nimekaa kwenye kochi lile lile. Ananihutubia dakika kumi na moja kabla ya kufyatua bastola, muda ambao mtu mwenye akili angekuwa ameshavuka daraja na kufika Onitsha, ng'ambo ya mto, lakini mimi kwa maelekezo yako hubaki nimekaa natetemesha mdomo. Nikishakufa, anachukua nyumba yangu, gari langu na binti yangu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili na sijaona biashara yenye faida kama hiyo.

2. Baada ya saa mbili za kuchinjana, yanatokea maandishi ya kijani ya kutuambia kwamba kisasi si kizuri, tumwachie Mungu. Yanakaa sekunde sita. Mke wangu Philomena anasoma taratibu na hajawahi kuyamaliza. Mpaka leo anaamini filamu zako zinaunga mkono kisasi.

3. Watazamaji wako nao hawayamalizi. Mama mmoja sokoni amekataa kuniuzia pilipili. "Nenda kale mashamba ya wale yatima," aliniambia. Nikamweleza kwamba yatima wale walilipwa na kampuni yako na wawili kati yao wana umri wa miaka arobaini. Akasema, "Ndiyo maneno yenu nyie wauaji," akamgeukia mteja mwingine. Hili ningelivumilia. Pilipili hununuliwa hata na mke.

4. Lisilovumilika ni la Jumamosi iliyopita. Ukoo wa kijana Chidubem ulivuka mto kuja kwangu na pombe ya mchikichi kumposa mwanangu Uzoamaka. Unajua mambo yetu: baba hujaza kikombe kimoja, binti hupiga goti akaonja, kisha hukipeleka kwa mchumba wake katikati ya watu, naye akikimaliza, ndoa imekuwa. Unajua pia, kwa kuwa ndiwe uliyebuni, kwamba katika filamu ya "Mkwe Aliyesahaulika", Sehemu ya Kwanza, nilitia sumu ndani ya kikombe hicho hicho.

Na uliipigia wapi picha? Uani kwangu, kwa sababu hapalipiwi. Nilivaa nini? Joho langu mwenyewe na kofia yangu nyekundu, kwa sababu hukuleta mavazi. Kikombe kilitoka kwenye kabati la Philomena. Basi Jumamosi nikatokea nimevaa joho lile, nimeshika kikombe kile, nimesimama pale pale, natabasamu. Sasa nakiri kwamba nilipaswa kufikiri. Lakini nina joho moja.

Baba mkubwa wa Chidubem, Mzee Nwokeabia, akainuka. "Chidubem, mwanangu, usiguse. Uwanja huu naujua. Mwenzako alianguka pale, karibu na tangi la maji."

Nikasema, "Mkwe wangu, ile ni filamu tu."

"Hata mle ndani alisema 'mkwe wangu' kwa sauti hii hii," akawaambia wenzake.

Nikanywa mafunda matatu mbele ya macho yao, nikampa Uzoamaka kikombe, naye akapiga goti. Mzee hakutikisika. "Hata mle alikunywa kwanza. Alikuwa ameshameza kinga." Hilo ni wazo lako, Mheshimiwa. Nilikuambia siku ile kwamba halina maana, ukasema hakuna atakayelikumbuka.

Nikamwita mke wangu anitetee. Shangazi mmoja akadakia: "Si huyu aliyeisaga ile sumu?" Philomena, ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera yako hata dakika moja, akasema yule ni mwanamke mwingine. "Ndiyo," shangazi akasema, "ana wawili."

Chidubem alitaka kunywa, nilimwona, lakini hakuna kijana anayewapita wazee wake mbele za watu. Wakabeba pombe yao wakaondoka. Uzoamaka alibaki amepiga goti mpaka povu lote likaisha kikombeni. Kisha akainuka, akakiosha, akakirudisha kabatini. Nimekufa mara kumi na nne na sijawahi kuumia. Siku ile niliumia.

5. Kwa hiyo naomba:

(a) Barua yenye muhuri wa kampuni, inayothibitisha kwamba sijawahi kumtilia mtu sumu nje ya saa za kazi.

(b) Kisasi kikome kabisa katika filamu zako zote. Wahusika wakidhulumiwa, waende kwa mwenyekiti wa mtaa, wajaze fomu.

(c) Sehemu ya Tatu ya "Mkwe Aliyesahaulika", ambamo daktari anagundua kwamba yule kijana alikufa kwa malaria.

(d) Yule aliyenipiga risasi katika Sehemu ya Pili aje kaburini kwangu kuomba radhi, kwa dakika zisizopungua kumi na moja.

Usiponijibu, Mheshimiwa, nitaondoka miaka saba, nitanenepa, na utaniona.

Naishia hapa kwa unyenyekevu, nikiwa bado ni wako katika sanaa. Msalimie mpaka vipodozi, mshika kamera, na yule mbuzi wa matambiko ambaye kila filamu anaponea chupuchupu. Philomena anakusalimu pia, ingawa si kwa maneno yanayoandikika.

Mwl. Sylvanus Okonji

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha Mzee Nwokeabia alipobisha hodi, peke yake, amevaa suti. Ameketi na amekula. Anasema anajua ni filamu, alijua tangu mwanzo, lakini yule mkwe aliyekufa alifanana sana na kijana wao, na wewe ukaacha nife kwa risasi moja, hukuniandikia hata neno moja la kujuta. "Roho yangu haijatulia, mkwe," amesema. "Niache nikuue mwenyewe mara moja, vizuri, watu wa kwetu waone. Baada ya hapo Chidubem anywe hata pipa." Nimemwangalia mwanangu mlangoni, nikakubali. Tafadhali futa (a) mpaka (d). Andika Sehemu ya Tatu, sema nilikuwa na pacha, umpe Mzee panga la mbao na hotuba ndefu kadiri apendavyo. Ila tupige picha Ijumaa, maana Jumamosi namwoza binti.