Kituo cha Kicheyenne Sebuleni kwa Bi Mashavu

(Hotuba ya Bwana Julius Mukabana, Mratibu Mkuu wa Jukwaa la Lugha za Ughaibuni, kwenye uzinduzi wa Kituo cha Rasilimali za Lugha na Utamaduni wa Wacheyenne, Balad, Jeddah, Ijumaa moja ya mwaka 2015. Imenukuliwa yote.)

Mheshimiwa mwenyeji wetu Bi Mashavu, mama wa sebule hii na wa sambusa hizi. Mzee wetu Bwana Vuai, ndugu yake na mkalimani wake. Mabibi na mabwana wa familia zilizofika hapa kutoka Unguja tangu mwaka wa sitini na nne. Waheshimiwa dada zetu wa sekta ya kazi za nyumbani, mliotoka mtaa wa Al-Safa mkiongozwa na dada Serah na dada Rosebellah. Waheshimiwa makafili, waajiri wenye kuwadhamini, popote mlipo, mliotoa ruhusa, na nyinyi ambao bado hamjui kwamba mmeitoa. Wenye ikama, yaani kibali cha kuishi hapa, na wenye ikama iliyo njiani. Dereva aliyewaleta dada hao, aliyeko chini barabarani. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, nami nikiwa sehemu kubwa ya itifaki hiyo, nawasalimu. (Makofi. Serah: "Yalla, bosi, huyo dereva alisema mwisho ni alasiri!")

Tutamaliza, dada Serah. Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita Bi Mashavu alisimama papa hapa akaleta ombi. Alikuwa ametoka kuugua, na ugonjwa ulipoondoka uliondoka na Kiarabu chake chote, alichokizungumza miaka mingi, ukamwachia Kiswahili cha utotoni peke yake. Na mjukuu wake, Binti Nada, yule pale mlangoni mwenye simu, mtoto wa marehemu mwanawe, anajua Kiarabu na Kiingereza cha chuo kikuu, lakini Kiswahili hana. Wanaishi nyumba moja, wanakula sinia moja, na kila neno hupitia kwa Bwana Vuai. Bi Mashavu akaomba darasa la Kiswahili la siku za Ijumaa, ili azungumze na mjukuu wake bila mtu wa katikati. (Bi Mashavu: "Ndiyo. Nilisema hivyo hivyo.")

Mtu wa kawaida angetafuta ubao na chaki akaanza. Sisi si watu wa kawaida. (Vuai: "Hilo tumeliona.") Asante, mzee. Sisi tuliuliza swali la kimkakati: nani duniani amewahi kuokoa lugha, na amefanyaje? Ndipo utafiti wetu wa kina ukatupeleka kwa Wacheyenne wa Amerika, taifa la watu wachache wenye lugha inayozungumzwa na wachache zaidi, ambao hawakukubali ife. Tukaamua kwenda benchmarking. (Rosebellah: "Kwenda wapi?") Kujifunza kwa waliofaulu, dada, kwa gharama ya ambao bado.

Ndugu wananchi, nilipokanyaga ardhi ya Montana, na hapa nasema kukanyaga katika maana pana ya neno hilo, upepo wa nyanda zile ulinipiga usoni nikasema, Julius, hapa ndipo penye majibu. Wenzetu wana kamusi ambayo ukiligusa neno unasikia sauti ya mzee akilitamka. Wana hadithi za wazee zilizorekodiwa na kuandikwa. Wana kambi za watoto wakati wa likizo, ambapo mtoto anaoshwa, analishwa na kugombezwa kwa Kicheyenne kitupu. Na lugha yenyewe ina irabu zinazonong'onwa, yaani mdomo unatamka lakini sauti haitoki, kama vile dada zetu mnavyoongea na simu jikoni madam akiwa amelala. (Kicheko kirefu upande wa Al-Safa. Serah: "Hapo umesema ukweli, bosi!")

Sasa, kuna waliokuwa na haraka. Dada Serah, kwa nia njema, alijitolea kumfunza Binti Nada kila Ijumaa anapopewa ruhusa. Bwana Vuai naye alitaka kumfunza jioni. Mimi nikasimama imara nikakataza. Nikaagiza kwa waraka kwamba hadi kituo kizinduliwe, mtu yeyote asimfundishe Nada neno hata moja la Kiswahili, kwa sababu mkimfundisha kabla, baseline itachafuka. (Minong'ono. Bi Mashavu: "Nini kitachafuka?" Vuai: "Ujinga wake, dada. Walitaka wamkute nao mzima mzima.") Barabara kabisa, mzee! Wataalamu wanahitaji kupima mahali tulipoanzia. Na nina furaha kutangaza kwamba kwa nidhamu yenu, miaka mitatu, baseline ya Nada imebaki safi. Hajui kitu. (Makofi ya mtu mmoja, Katibu wa Jukwaa.)

Mafanikio? Yapo, na ni mengi kuliko nafasi iliyopo kwenye bango hili. Tumefanya warsha tano mjini Riyadh za kuwajengea uwezo watakaowajengea wengine uwezo. Tuna roadmap. Tuna rasilimali za Kicheyenne zilizokusanywa, kuchambuliwa na kupangwa kwa kiwango cha asilimia mia moja. Kwa jumla utekelezaji umefika asilimia themanini na saba, na iliyobaki ni ile sehemu ndogo ya walimu, wanafunzi na Kiswahili. (Vuai anasimama.)

(Vuai: "Mheshimiwa, mimi wiki ijayo nahamia Riyadh, Malaz, kwa mwanangu. Halas, sirudi. Humu ndani watabaki hawa wawili. Dada yangu akiumwa na tumbo usiku atamwambia nani? Hiyo asilimia?")

Swali zuri, mzee, nalo tayari limo kwenye waraka chini ya kichwa "Hatari ya Upungufu wa Wakalimani", tukaipa alama ya wastani. (Serah: "Wastani! Na mzee anaenda?") Dada Serah, hatari kubwa inahitaji kikao cha dharura, na kikao cha dharura lazima kitangazwe mapema. Namsihi mzee Vuai atuvumilie, kwa sababu awamu ya pili, ya Kiswahili, itaanza mara tu awamu ya kwanza itakapotathminiwa, na awamu ya kwanza itatathminiwa na mimi. (Rosebellah, kwa sauti ya chini: "Ngai.")

Naelekea mwisho. (Makofi makubwa kuliko yote.) Nitasema lugha, mtasema hai! Lugha! ("Hai.") Kicheyenne! (Katibu peke yake: "Hai!") Bibi na mjukuu! ("Hai!") Kituo! (Honi ya dereva kutoka barabarani.)

Kwa unyenyekevu mkubwa, natoa shukrani. Namshukuru Bi Mashavu kwa kutuazima sebule hii, ambayo kuanzia sasa ndiyo kituo, hadi saa kumi tutakapoondoa bango na kurudisha viti vya jirani. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Binti Nada. Maana, ndugu wananchi, viza za Amerika hazikutoka. (Rosebellah: "Viza mafi! Hakuna!") Hazikutoka, dada. Wajumbe tulisafiri hadi Riyadh, tukakaa Malaz tukizingoja, na ule upepo niliousema ulikuwa wa kiyoyozi. Ni huyu binti aliyeketi na simu yake, bure, akatusikilizia ile kamusi mtandaoni, akatuandikia ripoti yote kwa Kiingereza, nami nikaitia sahihi. Kwa hiyo mradi huu, ukitoa bango na sambusa, ni yeye. Simama, my dear, say something to the people. (Nada anasimama, anaiweka simu kifuani, anamtazama bibi yake.)

(Nada: "Nea'ese.")

(Bi Mashavu: "Kasema nini mwanangu?" Vuai anamuuliza Nada kwa Kiarabu. Nada anajibu. Vuai anakaa chini kwanza.)

(Vuai: "Anakushukuru, dada. Kwa Kicheyenne. Anasema hicho ndicho alichoruhusiwa kujifunza.")

(Bi Mashavu: "Basi nifunzeni na miye hicho hicho, nipate kusema naye.")

Mmesikia, ndugu wananchi! Hilo ni ombi kutoka mashinani kabisa! Katibu, liandike: tumepata mwanafunzi wa kwanza, na kuanzia dakika hii naomba mtu yeyote asimfundishe Bi Mashavu neno lolote la Kicheyenne, ili...

(Serah amekwisha kaa mkekani kati ya bibi na mjukuu. Dereva anapiga honi, Serah hageuki. Serah: "Nada, repeat after me. Bibi." Nada: "Bibi." Mheshimiwa anaomba utulivu, baseline inachafuka. Bi Mashavu: "Mwambie tena, mwanangu. Na huyo baba mpeni sambusa anyamaze.")