Ndege Isiyotii Amri

Jumapili moja ya mwaka 1971, saa kumi alasiri, wanaume wapatao thelathini walitoka katika nyumba ya sinema ya Tabora wakiwa wamenyoosha mikono kama mabawa. Hawakuwa walevi. Walikuwa wametoka kuangalia filamu ya marubani wa kivita, na kwa saa mbili nzima walikuwa wametungua ndege za adui bila kuinuka vitini. Sasa walikuwa wakijaribu barabarani. Mmoja wao, bwana mzima wa miaka arobaini na mitano mwenye kitambi cha heshima, aliizunguka nguzo ya taa mara tatu, akailenga baiskeli ya muuza maziwa, akaifyatulia risasi kwa mdomo.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya duka lililofungwa, alikaa mtu mwenye miwani ya jua, begi moja na njaa ya siku mbili. Jina alilokuwa akilitumia wiki ile ni Nassibu. Tiketi yake ya treni iliishia Tabora, naye akaishia nayo. Ndani ya begi mlikuwa na shati, kofia ya rubani, kamera ya sinema isiyo na kioo cha mbele, na karatasi yenye mihuri minne ambayo hakuna hata mmoja uliosomeka. Alimtazama yule bwana hadi risasi zikamwishia, moyo wake ukajaa shukrani kwa Muumba aliyeumba watu wa kila namna.

Akavuka barabara. "Shikamoo, kaka. Umempiga vizuri, lakini umechelewa kukata kushoto."

"Marahaba," alijibu yule bwana, akishusha mabawa kwa haya. "Mimi Mussa. Nauza dagaa sokoni."

"Mimi Nassibu, natengeneza sinema. Mzaramo wa Kisarawe."

"Mzaramo!" Mussa akapiga makofi. "Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mnyamwezi. Twende nyumbani ukale, usije ukafia kwangu."

Tangu enzi za misafara, mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe hadi pwani na kulala katika vijiji vya Wazaramo, makabila haya mawili ni watani. Mtani hukutukana, hula chakula chako bila kukaribishwa, nawe huruhusiwi kununa. Nassibu hakuwa Mzaramo kuliko ile baiskeli ya maziwa. Uzaramo aliuokota ndani ya behewa la daraja la tatu, alipomwona mzee mmoja akinyofoa paja la kuku wa abiria wa Kinyamwezi na abiria akacheka. Aliona hilo la kuku tu, akadhani ndilo lote.

Usiku huo, kati ya tonge na tonge, alieleza kazi iliyomleta.

"Ofisi moja kubwa, siruhusiwi kuitaja, inataka filamu ya marubani wetu wenyewe. Hadithi ni hii. Mabeberu wameunda ndege ya kivita isiyo na rubani. Ndani ina ubongo wa mashine. Inafikiri yenyewe, inalenga yenyewe. Siku moja inaamriwa irudi nyumbani, inajibu: sitaki."

"Inajibu kwa mdomo?" aliuliza Mussa.

"Kwa mdomo. Imewageuka hata walioiunda. Sasa inakuja Tabora."

"Inakuja Tabora kufanya nini?" Aliyeuliza ni Batuli, mke wa Mussa, bila kuacha kuzungusha cherehani yake ya mkono.

Nassibu hakupepesa jicho. "Inafuata reli, dada. Na atakayeizuia ni kepteni mmoja, mtu mzima, mwenye kifua."

Mussa alivuta tumbo ndani, na hakulirudisha hadi chakula kilipoondolewa.

Kulikuwa na tatizo dogo tu, alisema Nassibu kwa masikitiko. Ubongo wa ndege hauwezi kuigizwa kwa mbao tupu, maana kamera haidanganyiki. Sanduku lake lilitaka mashine za kweli, zenye vyuma vya kweli. Atakayetoa mashine kwa hiari angetia sahihi na kupewa cheo kulingana na mashine yake, na baada ya filamu angerudishiwa.

Kwa siku nne watu walipishana mlangoni kwa Mussa. Redio ilimfanya mtu rubani. Saa ya mkono ilimfanya mtupa mabomu. Aliyeleta tochi alikubaliwa afe mwanzoni. Alois, karani mstaafu wa reli, alileta saa ya mezani yenye kengele iliyokuwa na tabia ya kulia ipendapo yenyewe. Iliwahi kulia kanisani katikati ya mahubiri, na padri akamaliza haraka.

"Hii ndiyo yenye akili ya ubongo wetu," alisema Nassibu, akaipa nafasi ya katikati.

Sanduku lilitengenezwa na seremala ambaye kazi yake kubwa ilikuwa majeneza, na mkono wake haukujua kipimo kingine. Likatoka refu, lenye mishikio ya shaba. Mussa mwenyewe alilipaka rangi nyeupe.

Balaa ni kwamba watu wawili walileta redio kubwa, na ukepteni wa Mussa ukaanza kuyumba. Asubuhi ya Alhamisi Batuli alirudi kutoka kisimani akakuta meza yake tupu.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Kwenye ubongo," alisema Mussa, akiangalia viatu vyake. "Nimekuwa Kepteni, mke wangu."

Batuli alikaa chini akalia. Cherehani ile aliinunua kwa misimu mitatu ya kuuza asali ya kaka yake wa Kaliua. Palikuwa na sare za watoto sitini wa shule, vitambaa vimekwisha katwa, na shule inafunguliwa Jumatatu. Asipozimaliza, mwalimu mkuu angempa fundi mwingine kazi ile, na mwakani pia. Alipomaliza kulia akashika sindano. Nassibu akamwomba, kwa adabu zote, awashonee marubani ovaroli kwanza. Akashona kwa mkono, vidole vikavimba, ili filamu iishe upesi na cherehani irudi.

Jumamosi saa tatu asubuhi marubani kumi na wawili walijipanga katika uwanja wa mpira.

"Macho juu, upande wa Urambo," aliamuru Nassibu, kofia ya urubani kichwani. "Ndege itatokea huko. Atakayeshusha macho ameharibu filamu. Mkisikia filimbi, laleni kifudifudi. Mimi nakwenda kuwasha ubongo."

Akalifunika sanduku kwa shuka jeupe, akalipakia kwenye mkokoteni, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye majukumu. Njiani majukumu yakabadilika, naye akaanza kulia.

Haikupita nusu saa, Zamda, auzaye vitumbua stesheni, aliingia kwa Batuli akihema.

"Wewe umekaa tu na mtani wetu kafiwa!"

"Mtani gani?"

"Yule bwana wa sinema. Yuko stesheni na maiti ya kaka yake, anaipeleka kuzika Kisarawe. Karatasi yake ina mihuri minne. Stesheni masta kamvulia kofia."

Batuli alikata uzi kwa meno. "Jeneza jeupe?"

"Jeupe."

"Mishikio ya shaba?"

"Hiyo hiyo. Umeliona wapi?"

Batuli alifikiri haraka. Akipiga kelele za mwizi, polisi watalishika sanduku liwe kidhibiti. Baiskeli ya jirani yake ilikaa kituoni kuwa kidhibiti hadi ikaota kutu. Tena wanaume wale walitia sahihi kwa hiari yao. Na treni inaondoka saa nne.

"Zamda, kusanya wanawake," alisema. "Waambie kuna msiba wa Mzaramo. Waje na majivu na masufuria."

Nassibu alikuwa kando ya behewa la mizigo, leso machoni, aliposikia masufuria. Wanawake kumi na wanane waliingia jukwaani wakilia na kucheka kwa pamoja, nyuso zimepakwa majivu. Mmoja alijifunga mto tumboni akaigiza marehemu akiomba ubwabwa. Batuli alipita moja kwa moja, akakaa juu ya sanduku.

"Dada zangu," alisema Nassibu, "nina majonzi."

"Ndiyo tumekuja kuyaondoa. Mzaramo gani anasafirisha maiti ng'ambo ya Unyamwezi bila watani kuiaga? Marehemu alikula kuku wangu! Nilipe!"

Zamda akamvua miwani, akaivaa. Mwingine akachukua kofia. Wawili wakamshika miguu, viatu vikatoka. Kamera ikaenda.

"Afande!" aliita Nassibu. "Wananivua!"

Askari wa jukwaani alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Mila hiyo, bwana. Vumilia."

"Mimi mtani wangu Mgogo alinivua suruali kwenye matanga ya baba," alisema stesheni masta. "Nilicheka."

Dirishani mwa daraja la tatu kikatokea kichwa cha mzee, yule yule wa paja la kuku, sasa akirudi pwani. "Kijana! Mbona unanuna? Mzaramo hanuniani na watani. Wewe wa ukoo gani?"

Nassibu akacheka, lakini kwa meno tu.

"Sasa fungueni," alisema Batuli, "tumwone mtani wetu uso mara ya mwisho."

"Hapana!" Nassibu alipata wazo, na sauti yake ikarudi. "Amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza!"

Wanawake wakarudi nyuma. Askari akarudi nyuma kuliko wote, hadi kwenye mizani ya mizigo. Batuli alibaki peke yake juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Je, kama kweli ndani mna mtu? Jeneza jeupe si hilo tu. Miguu ilitaka kuinuka. Aliwaza sare sitini, akaikaza.

Hapo ndani ya sanduku kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu zake zote. Abiria mmoja aliingia ndani ya treni kupitia dirishani. Stesheni masta alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Batuli aliisikia saa ya Alois, hofu ikamtoka, akacheka hadi majivu yakamwagika kifuani.

"Ndugu wa sinema," alisema kwa sauti ya chini, "ubongo umekataa amri."

"Nini kinalia humo?" aliuliza askari akiwa nyuma ya mizani.

Batuli alimjibu kwa sauti ya kusikika. "Marehemu, afande! Hataki kusafiri. Anataka azikwe hapa hapa na watani wake. Au sivyo, mtani?"

Nassibu alimtazama askari, akamtazama mzee dirishani, akaitazama treni. Filimbi ikapigwa na magurudumu yakaanza kusogea.

"Ndivyo," alisema. "Marehemu aliipenda sana Tabora."

Akakimbia pekupeku, akadandia daraja la tatu. Yule mzee alimpisha nafasi kwa furaha, akaanza kumuuliza majina ya shangazi zake wa Kisarawe, mmoja mmoja. Nassibu alishuka Tura, kituo cha njiani, mbali bado na pwani.

Huko uwanjani marubani walikuwa wamesikia filimbi ya treni, wakalala kifudifudi, wakangoja, wakainuka na kuangalia tena juu. Ndivyo Batuli alivyowakuta, cherehani kichwani, na nyuma yake wanawake wakiimba na sanduku.

"Imekuja?" aliuliza Mussa, shingo imekakamaa, macho upande wa Urambo.

"Imekuja."

"Wapi? Mbona hatukuiona?"

"Ilipitia stesheni. Nimeitungua."

Mussa alishusha macho polepole. Aliona cherehani, akaona Zamda amevaa miwani ya mkurugenzi, akaona Alois akiikumbatia saa yake.

Batuli aliitua cherehani kwenye kivuli cha goli, akachomoa sindano kifuani na kumkabidhi mumewe.

"Kaa chini, Kepteni. Sare sitini, kila moja vifungo sita."

Mussa akakaa na ovaroli yake, akaanza kushona. Baadaye mwewe mkubwa alipita kutoka upande wa Urambo, kivuli chake kikavuka uwanja mzima. Hakuinua macho.