Kijiko cha Selina

Jumatatu, 3 Machi
Kuku wa wifi yangu wanataga mayai kama ngumi. Wangu, gololi! Nikamuuliza siri. Akajishaua: eti seleniamu, madini ya kuchanganya kwenye pumba, kuku anapata nguvu na vifaranga wanatoka imara. Mie nimeyaita Selina, ulimi wangu si wa kuazima. Nimenunua pakiti kwa daktari wa mifugo. Kasema kijiko kimoja cha chai kwa gunia zima. Gunia zima! Bahili yule, chai yake lazima ina jani moja.

Jumanne, 4 Machi
Nimetia kijiko kimoja kwa debe. Tena kile cha kupakulia. Mume wangu kanisikia nikisema Selina anaingia bandani leo, akataka kujua ni nani na atalala hapa siku ngapi. Kashachana nywele! Mzee mzima!

Jumamosi, 8 Machi
Mayai hakuna. Kuku wamejikunyata, manyoya timutimu. Madoa, kuku niliyeachiwa na marehemu dada yangu, hataki hata kusimama. Na mdomo unanuka kitunguu saumu! Nimembaini wifi: anamkolezea viungo angali hai! Nikavuka ua kumpa zake. Kaapa hajamgusa, kisha akauliza Selina nimetia kiasi gani. Nikamwambia asinichimbe.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaja, kamnusa Madoa. Kasema harufu hiyo ni ya Selina aliyezidi. Kidogo ni dawa, kingi ni sumu. Pumba zote zifukiwe. Madoa asipokula hadi kesho, basi tena. Nimemweka kikapuni jikoni, nikamwambia asithubutu, dada yangu atanidai huko tuendako. Wifi kaleta pumba zake safi, akachutama, akamlisha kiganjani. Hakunicheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 14 Machi
Madoa kasimama! Kanidonoa kidole, mwanaharamu wangu! Machozi yamenitoka. Moshi tu. Wifi naye kalia, na kwake hakuna moshi.

Daktari kaniachia chokaa ya kukaza maganda ya mayai. Kasema vijiko viwili vya chai kwa debe, akaninyanyulia kijiko chenyewe machoni kama mtoto anayefundishwa herufi. Nikaitikia: ndiyo mwanangu, nimeelewa mwanangu.

Kapita mlango tu, nimeshika upawa. Mtu wa jani moja yule, tunamjua.