Uso Wangu Kwenye Somo la Pamba

Jumatatu, 17 Februari 2025

Iandikwe na itunzwe kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja: leo mimi, Luhaga, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuchapa barua hapa Somanda, nimenunua tai. Nyekundu. Ya mtumba. Ndefu kupita kawaida. Mwenye nayo wa kwanza huko ilikotoka lazima alikuwa twiga. Nikiifunga inapita mkanda. Jenipha, mke wangu, ameitazama juu mpaka chini akauliza nani kafa.

Hajafa mtu. Ila hatari ipo. Mama yake Jenipha, Mama Nyanjige, kapiga simu kutoka Sapiwi. Funza wameingia kwenye pamba. Mwaka jana walimmaliza: alipuliza dawa saa sita mchana, upepo ukamrudishia yeye, funza wakanenepa. Akasema ni jicho la jirani. Safari hii anasema pamba ikimshinda tena basi, shamba anawaachia wengine, anahamia kwetu. Jenipha alikuwa analia akinisimulia. Mama hataki kuja. Anasema huku mjini atashinda kwenye kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

Na mimi nikalia kidogo. Tuna vyumba viwili. Na mama mkwe ni mtu wa zamani: mkwe wa kiume hamtazami usoni, wala yeye hamtazami mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Miaka yote hii nimeoa, ninachokifahamu ni mgongo wake. Uso wake ukinipita sokoni sitaujua. Mgongo nitautambua hata mnadani katikati ya ng'ombe.

Jenipha alitaka tumsubiri Kornelia, afisa ugani. Pikipiki ya Kornelia ni mbovu. Nikamwambia funza hawasubiri mtu. Mimi nimelelewa Nkoma, katikati ya pamba, naijua. Kwenda kumfundisha mama mkwe ana kwa ana haiwezekani. Kwa hiyo? Somo la mtandaoni! Yeye kwake, mimi kwangu, heshima palepale.

Ndiyo maana ya tai. Nashukuru Mungu kwa akili.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya elimu. Nimeanza kozi ya bure kwenye simu: jinsi ya kutengeneza masomo ya mtandaoni. Mwalimu mpole, hana haraka. Kasema kanuni ya kwanza: mtu hujifunza vizuri zaidi kwa maneno na picha pamoja kuliko kwa maneno matupu. Nikapiga meza. Kweli tupu! Akasema sasa tuzione kanuni nyingine, ambazo wengi wanazivunja bila kujua. Bando likaisha.

Sikuongeza. Mtu mwenye akili akipewa kanuni moja, zilizobaki anazitafuta mwenyewe. Kama maneno na picha yanashinda maneno matupu, basi maneno na picha na muziki yanashinda hayo. Weka na maua yanayodondoka pembeni. Weka na mimi.

Nimemaliza jioni. Kazi safi! Ngoma inapigwa, jina langu linazunguka, uso wangu unatokea, mkubwa, na tai. Salamu. Historia ya pamba tangu enzi za Mjerumani. Kisha shukrani kwa waliowezesha (mimi). Funza anatokea mwishoni, kwa heshima zote.

Nimemtumia mama mkwe kwenye simu janja yake. Simu hiyo alinunuliwa na Rodgers, mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wake Jenipha. Rodgers anauza dagaa Lamadi. Hakuna sikukuu inayopita bila sisi kukumbushwa kuhusu simu hiyo. Lakini simu ni bakuli tu. Chakula kimetoka kwangu.

Ijumaa, 21 Februari

Kikwazo. Mama mkwe hakufika hata kwenye Mjerumani. Aliishia kwenye ngoma. Niliichukua ile iliyokuwa kwenye simu yangu, sikuuliza ni ya nani. Kumbe ya kundi la Wagalu! Marehemu baba mkwe alikuwa mchezaji wa Wagika, kazikwa na njuga zake. Mjane wake anafungua somo la pamba, anakutana na ngoma ya wapinzani. Alimpigia Jenipha akamuuliza kwa unyonge mkwe wake amemkosea nini.

Jenipha alikata kitunguu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nimeitoa ngoma. Nafasi ikabaki tupu, na mimi utupu siuwezi. Nimeandika kwenye kioo cha simu kila neno ninalolitamka. Akikosa kwa sikio atapata kwa jicho.

Nashukuru kwamba mama mkwe ni mtu wa kusamehe.

Jumapili, 23 Februari

Mama mkwe kusoma haraka hawezi, akamwita Salu, kaka yake Jenipha, ambaye mguu uko kwenye plasta tangu alipokanyagwa na ng'ombe. Salu akawa anasoma kwa sauti. Mimi nasema, yeye anasoma. Mimi namtangulia, yeye ananigombeza: "Shemeji, tulia kidogo!" Mama anawaambia wote wawili wanyamaze. Funza alipita kwenye kioo akaenda zake, hakuna aliyemwona.

Rodgers naye katumiwa, sijui na nani. Kaniandikia: "Mwanyumba, hili ni somo au ni harusi? Tulete zawadi wapi?"

Kanisani leo tuliambiwa tuwashukuru hata wanaotuudhi. Nimemshukuru Rodgers. Kwa kifupi.

Habari mbaya: Salu anasema vitumba vya chini vimeanza kutobolewa. Mama haongei sana siku hizi. Anazunguka shambani, anarudi, anakaa mlangoni.

Jumanne, 25 Februari

Kornelia kapita kibandani kuchaji simu. Pikipiki imepona. Alikuwa ametoka Sapiwi. Alipita kwa mama mkwe mara moja tu, mvua inamkimbiza, akaahidi kurudi akimaliza vijiji vya mbele. Nikamuuliza kama ameona somo langu. Akakaa chini kwanza.

Alimkuta mama mkwe anajifunza. Simu iko chini kwenye mkeka. Juu ya simu kuna ungo. Mama kakaa amegeukia ukutani, na sauti yangu inatoka chini ya ungo kama kuku aliyefunikwa.

Uso wangu! Mama hawezi kunitazama. Tangu siku ya kwanza amekuwa akinifunika. Hakusema, kwa heshima. Anamsikia mtu anasema "tazama hapa, mama", na hapo pa kutazama pana mkwe wake amekodoa macho.

Kornelia hakucheka. Ilimgharimu, nilimwona. Kasema: "Luhaga, baba, kila unachoongeza unamnyang'anya macho. Ondoa uso. Ondoa maua. Ondoa na Mjerumani. Mwonyeshe kitumba, mwonyeshe tundu, mwambie afanye nini, palepale unapomwonyesha. Ongea kama unaongea na mtu jikoni. Halafu nyamaza."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikamkatalia hela ya kuchaji. Ni mtu mwema, na hakuna anayemlipa kwa maneno kama hayo.

Alipoondoka nikatafakari. Kuondoa uso? Somo lisilo na mwalimu ni kama barua isiyo na sahihi. Tatizo si uso. Tatizo ni macho kukutana. Nimenunua miwani ya giza.

Alhamisi, 27 Februari

Siku ya kurekodi. Nimeomba tawi la pamba kwenye shamba la pembeni ya mji, lenye funza wake. Simu ya Jenipha nimeisimamisha juu ya matofali, nyuma yake kopo la rangi. Tai. Miwani mfukoni.

Kwanza tukafanya mazoezi, mimi na Jenipha, yeye akiwa badala ya mama yake. Nikaliinamia tawi nikamwambia kwa maneno yetu ya nyumbani: mwangaluka mayu, umeamkaje mama, angalia hapa, umeona tundu hili? Fungua. Huyu hapa ndani, ndiye mwizi wako, si jirani. Ukiwakuta hivi kwenye miche mingi, kesho yake alfajiri puliza. Upepo uwe mgongoni, usije usoni. Kitambaa puani. Jua likipanda acha. Basi. Jenipha akasema ameelewa hata yeye ambaye pamba aliiacha darasa la tano.

Mazoezi. Kisha tukafanya yenyewe. Nilivaa miwani, nikaweka ile sauti ya taarifa ya habari. Kwa miwani sikuliona vizuri tawi. Nilimshika Jenipha kidole nikamweleza kuwa ni funza. Lakini uso umetoka vizuri! Nikarudisha maua. Machache.

Kutuma ikawa kazi. Video nzito, mtandao dhaifu, duara linazunguka tu. Kibandani wateja wakaanza kuniita. Jenipha akasema niende, atashughulika nayo yeye.

Mke wa namna hii unampata wapi? Nashukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Ushindi! Kornelia amerudi Sapiwi, kakagua. Funza wamekufa, vitumba vya juu vizima. Mama mkwe alipuliza alfajiri, upepo mgongoni, kitambaa puani, na Salu kwenye kiti chake akimpigia makofi. Kampigia simu Jenipha. Alicheka. Jenipha alinisogezea simu nisikie. Sijawahi kumsikia yule mama akicheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyeweka mzigo chini. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Baadaye nikaomba kuliona somo lenyewe kwenye simu ya Jenipha. Si lile! Ni mazoezi! Kumbe simu ilikuwa inarekodi tangu mwanzo. Na ilikuwa imeteleza kwenye matofali, imeinama: sina kichwa. Naanzia kifungo cha pili cha shati. Mikono, tawi, funza. Hakuna ua hata moja. Somo lenyewe fupi, limeisha kabla chai haijapoa. Jenipha anasema kidole kiliteleza. Nilimtazama machoni. Hakukuwa na kitu humo.

Mama mkwe kaliangalia wazi, bila ungo. Analisimamisha, anakwenda shambani, anarudi, analiendeleza. Na hapa sasa ndipo penye siri. Kila nilipoinama, ncha ya tai ilining'inia ikagusa palepale penye tundu. Mama kamwambia Jenipha hakupata shida: alitazama kule kitambaa chekundu kilikoonyesha.

Tai! Nilijua! Watu walinicheka!

Doa moja. Mama alipotaka kushukuru, kwenye somo hakuona mtu, na ile sauti yangu ya nyumbani hakuitambua. Akasema, "Wabeja, Rodgers. Simu yako inafundisha kuliko watu." Jogoo ameshafungwa kwenye basi la kwenda Lamadi.

Jenipha aliniandalia ugali na maziwa mgando bila kuombwa, akakaa karibu yangu. Akasema yeye anajua ni mikono ya nani ile. Nashukuru. Lakini jogoo ni jogoo.

Jumatano, 25 Juni

Pamba ya mama mkwe imepimwa leo. Nyeupe, kavu, hakuna wa kuinyooshea kidole. Kornelia anasema majirani wawili waliomba kuangalia lile somo la mtu asiye na kichwa, na wenyewe wamevuna. Shamba haliachwi. Mama anabaki kuwa mtu wa shamba lake, mimi nabaki kuwa mtu wa vyumba vyangu viwili. Nimepiga magoti nikashukuru, kwa kweli kabisa, bila utani.

Kisha nikaanza somo la pili: kupanda kwa mstari. Nimetafakari sana makosa ya lile la kwanza, maana mtu asiyejifunza ni jiwe. Kosa lilikuwa moja: mwalimu hakuonekana, sifa zikaenda Lamadi. Safari hii uso unajaa kioo chote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Jina langu chini, kwa herufi kubwa, linawakawaka. Tai mbili, kwa kuwa moja ilifundisha hivyo. Na ngoma ni ya Wagika. Hapo nimejifunza! Rodgers atatafuta pa kujificha.

Nilikuwa nachagua maua Jenipha aliponiita kutoka nyumbani. Sauti yake ilikuwa na furaha ya ajabu.

Mama kaja. Kashuka kwenye bodaboda na gunia la michembe ya viazi na jogoo, mkubwa kuliko yule wa Lamadi. Jenipha alishamwambia kitambaa chekundu ni cha nani. Kasema asingeweza kushukuru kwa simu mtu aliyemwokolea shamba. Imembidi aje mwenyewe. Na kwa kuwa pamba imeuzwa na Salu mguu umepona, atapumzika kwetu mpaka mvua za kupandia, mwezi wa kumi na moja.

Moyo umenijaa. Kwa pembe ya jicho niliuona mgongo wake, umenyooka, umekaa kwenye kizingiti cha mlango, unachambua mchicha. Nikamsalimia nikiwa nimegeukia barabarani. Naye akaniitikia amegeukia ndani. Akasema wabeja, mkwe. Akarudia. Nikamwambia karibu sana, mayu, hapa ni kwako. Nilimaanisha.

Jioni hii naandika nikiwa uani, juu ya yale matofali ya kusimamishia simu. Jenipha amenipitishia ugali dirishani.

Nyumba yetu ina mlango mmoja.